Nimezaliwa hapa, mbona naulizwa naenda wapi?

Assalamu alaykum Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 47, mzaliwa wa kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, kati ya Bwejuu na Makunduchi. Jina la kijiji naomba lisitajwe, maana kwetu watu wanajuana. Nimezaliwa hapa, nimeolewa hapa, watoto wangu wote nimewazalia hapa, na mama yangu tumemzika hapa.

Mama alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kulima mwani kijijini kwetu. Mimi nikitoka skuli namsaidia kufunga taitai kwenye kamba, na nilipokuwa mkubwa nikachukua safu zangu mwenyewe. Nyumba ninayokaa nimeijenga kwa mwani, matofali kidogo kidogo. Mwani mnene ulipoanza kufa kwa joto la maji nikabaki na mwembamba, ambao bei yake ni ndogo, lakini sikuacha.

Shangazi, kutoka nyumbani kwetu kwenda pwani kuna njia. Si barabara, ni njia ya miguu. Inapita pembeni mwa kiwanja kilichokuwa cha mjomba, inapita minazi ya jirani, inatokea pale tulipokuwa tukifukia makumbi ya usumba. Kiwanja cha mjomba watoto wake walikiuza. Ukajengwa ukuta, na baada ya ukuta likaja geti. Bamvua lililopita nilitoka kama saa tatu asubuhi, maji yanakauka, kamba kichwani na vigingi mkononi. Kijana wa ulinzi akanisimamisha. "Shikamoo mama. Unaenda wapi? Una miadi na nani?"

Hakunitukana. Alisema kwa adabu, na ndiyo maana sikuweza hata kumkasirikia. Nikamwambia nakwenda pwani. Akaniambia nizunguke kule mbele, kuna njia ya watu wote. Kule mbele, ukiwa umebeba mwani mbichi unaochuruzika maji, ni safari. Nikazunguka. Nilipofika wenzangu wameshamaliza nusu ya kazi, nikawaambia nimechelewa kuamka.

Tangu siku ile naona mengi ambayo zamani nilikuwa nayapita tu. Dukani sasa simjui anayeuza wala anayenunua. Nikisema kwa maneno ya kwetu, yule binti wa duka ananitazama kisha ananiomba nirudie. Pweza akitoka majini ameshanunuliwa na hoteli, sisi tunabakiwa na dagaa. Jioni tulikuwa tukikaa kina mama barazani tunasuka ukili. Mmoja amehamia kwa mwanawe mjini, mmoja amekodisha nyumba yake nzima, mwingine anarudi hotelini usiku amechoka. Muziki wa ufukweni unalia mpaka usiku wa manane, na watu wanapita mbele ya msikiti karibu uchi. Katika matembezi yangu ya asubuhi nimewahi kukutana na watu wengi kabla sijakutana na mmoja wa kunijibu salamu kwa jina langu.

Na hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe. Nyuma ya nyumba nimejenga vyumba viwili, nimepangisha. Kimoja anakaa mama kutoka Mwanza, anafanya usafi hotelini, ana mtoto wa kike wa darasa la pili. Nilipougua homa mwaka huu mume wangu akiwa baharini, ni yeye aliyenipikia uji na kunipeleka kituo cha afya. Kodi yake ndiyo inayomsomesha mwanangu wa mwisho. Nikikaa na wenzangu wakianza "hawa watu wa bara wametumalizia kijiji" naona ni kweli, kisha nikirudi nyumbani yule mtoto ananikimbilia ananiita bibi.

Mume wangu alikuwa mvuvi, sasa anapeleka wageni kwenye miamba kwa boti. Nikilalamika ananijibu mgeni njoo mwenyeji apone. Yeye amepona. Mimi sijui nina nini.

Sasa limekuja jengine. Mama ametuachia shamba la minazi, si kubwa, lakini linaona bahari. Tuko watoto watatu, kaka yetu mkubwa na sisi wawili wanawake. Shamba halijagawiwa. Kaka ameshaleta dalali mara mbili. Anasema kila mtu ameshauza, tukichelewa bei itashuka, na kwamba mimi nang'ang'ania minazi iliyozeeka. Mume wangu naye anasema tuuze, tukanunue kiwanja Fuoni, kule karibu na mjini, tupumzike na kelele.

Nifanyeje? Niuze niondoke, au nibaki mahali ambapo kila siku najiona kama mimi ndiye niliyehamia? Na je, ninavyohisi ni chuki? Maana naogopa kuwa mtu mwenye chuki.

Mama wa Kusini

---

Waalaykumu salaam, mwanangu. Marahaba.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi kuliko shamba. Hapana, si chuki. Mwenye chuki hahangaiki kwa ajili ya uji aliopikiwa. Wewe una msiba, na hakuna aliyekuja kukupa pole kwa sababu hakuna aliyekufa. Kwa hiyo pole, mwanangu. Pole kwa njia, pole kwa baraza.

Wala usikubali mtu akwambie unajitungia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 115,588 katika Mkoa wa Kusini Unguja. Sensa ya 2022 ikahesabu 195,873. Ndani ya miaka 10 mkoa wenu umeongezeka watu wapatao 80,000, na kina mama wa Kusini hawakuzaa wote hao. Hapo sijataja watalii, ambao kwa Zanzibar nzima walipita 700,000 mwaka 2024, na wengi wao wanataka kulala pale pale mawimbi yanapovunjikia. Mtu aliyeondoka kwenu miaka 15 akarudi leo angepotea njia. Wewe hukuondoka, ndiyo maana unashangaa kwa nini umepotea.

Najua utaambiwa, kama hujaambiwa tayari, kwamba pwani siku zote imekuwa na wageni. Ni kweli. Nyinyi watu wa Kusini mnajiita Washirazi, yaani wenye asili ya Shiraz, Uajemi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe, ya mwaka wa 500 Hijria, ambao ni 1107, na inasemekana waliojenga walitoka ng'ambo au walizaliwa na waliotoka ng'ambo. Na Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yenu ya mwaka mpya wa jadi, mtu kukosa mgeni siku ile nyumbani kwake ni jambo la kutia hofu, haliwi jambo la kujivunia. Yote ni kweli, na wanaokwambia hivyo hawasemi uongo. Lakini wanairuka sehemu yenye maumivu. Wageni wale walifika wakaomba pa kukaa. Walioa kwenu, wakasali nanyi, wakazikwa nanyi, na mpaka walipopata kiwanja mlikuwa mmeshajua wanacheka namna gani. Siku hizi kiwanja kinapatikana kwanza, kwa simu, na mwenye nacho huenda usimwone maisha yako yote.

Tazama mwani wenyewe. Leo ukisema mwani unasema kazi ya mama yako, lakini mama yako alipoanza ulikuwa kitu kigeni kabisa. Mbegu ilitoka Ufilipino, kilimo kikaanza pwani yenu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wanaume wengi hawakupenda wake zao washinde majini. Kijiji kilibadilika. Wanawake walipata fedha yao wenyewe mkononi, wakajenga, wakasomesha. Hayo yalikuwa mabadiliko makubwa kuliko hoteli yoyote, na bado hukuyaandikia barua ya malalamiko, kwa sababu mama yako alikuwa na usemi ndani yake. Yeye ndiye aliyeamua apande safu ngapi, na akiuza anajua anamuuzia nani.

Kwa hiyo mimi sidhani kinachokuuma ni upya wa mambo, wala sura za watu. Kinachokuuma ni kwamba mambo yanaamuliwa na wewe hupo. Ukuta ulijengwa hukuulizwa. Njia ilifungwa hukuambiwa. Sasa shamba linataka kuuzwa na dalali ameshakuja mara mbili kabla hujakaa na kaka yako. Hasira yako ina haki yake, ila imekosa pa kwenda, ikamwangukia aliye karibu, yule binti wa dukani, yule mlinzi, na siku moja, ukiiacha, itamwangukia yule mama wa Mwanza. Hao wamekuja kutafuta maisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekatisha njia yako. Aliyeikatisha yuko mbali, na kwa kuwa yuko mbali ni rahisi sana kumsahau.

Sasa tuzungumze njia.

Umeandika kwamba ulizunguka, kisha ukawaambia wenzako umechelewa kuamka. Mwanangu, hapo ndipo nilipoumia mimi. Umelibeba peke yako jambo la kijiji kizima. Wenzako wangapi wameshazunguka, nao wakasema wamechelewa kuamka? Zungumzeni. Bamvua linapokwisha na maji mafu yakaingia huna kazi baharini, na wenzako hawana. Kutaneni hizo siku. Wakusanye wanawake wote waliokuwa wakipita pale kwa mwani, kwa makumbi, kwa pweza. Tafuteni wazee wawili watatu wanaoweza kusema njia ile imetumika tangu lini na ilikuwa inapita wapi hasa. Andikeni barua fupi, isiyo na matusi: njia hii ilikuwepo, inatumiwa na watu hawa kwa kazi hii, imefungwa tangu mwezi fulani, tunaomba ifunguliwe au tupewe nyingine ya karibu. Kila mmoja atie saini au dole gumba. Nakala kwa sheha, nakala Halmashauri ya Wilaya ya Kusini, na nakala kwa meneja wa hapo. Piga picha ya geti. Ufukwe ni wa umma, haununuliki pamoja na kiwanja, na sheha anajua hivyo. Akisema atalishughulikia, muulize lini, na siku hiyo mrudi mkiwa wengi.

Kwa meneja nendeni pia, msiwe na haya. Sehemu nyingi mwekezaji hajui kabisa kwamba pale palikuwa na njia, kwa sababu aliyemuuzia hakumwambia. Watoto wa mjomba wako walijua. Wangetaja njia wakati wa kuuza, ingeandikwa. Sisemi hili ili ukawagombeze, limeshapita. Nalisema kwa sababu ya shamba la mama yako, na nitalirudia.

Na yule kijana wa getini. Umesema mwenyewe alikuamkia. Kijana huyo kalelewa, mwanangu. Ameambiwa asipitishe mtu, hajui nani ni nani, na pengine analala chumba kimoja na wenzake watano huko nyuma ya barabara. Mtu atawajuaje wenyeji kama wenyeji hawajajitambulisha kwake? Siku nyingine ukipita, hata kama hupiti getini, msimamie. Mwambie jina lako, nyumba yako, safu zako za mwani ziko wapi. Muulize la kwake. Sikwambii ufanye hivyo kwa ajili ya wema tu. Mlinzi anayekujua kwa jina ni mtu anayeweza kukwambia kesho ni mfanyakazi gani amekuja kupima kiwanja gani.

Shamba ndilo kubwa, nitakaa hapo zaidi.

Usitie saini. Mwaka huu usitie saini chochote, hata ukiambiwa ni karatasi ya kumwonyesha dalali tu. Shamba la mama yenu ni mirathi ambayo haijagawiwa. Nyinyi ni watoto watatu wenye mafungu ndani yake, na kaka yenu, kwa ukubwa wake na heshima yake yote, hawezi kuuza fungu lako. Kwa sheria ya dini kwenye mafungu manne yeye ana mawili na nyinyi wanawake kila mmoja ana moja, ikiwa hakuna warithi wengine kama baba yenu au wazazi wa marehemu. Kwa hiyo nyinyi wawili mkiungana mna nusu ya shamba. Je, dada yako umezungumza naye? Barua yako inamtaja mara moja kisha inamsahau. Mfuate kabla kaka hajamfuata.

Kisha nendeni mkagawe mirathi rasmi. Kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo kazi yake moja ni hiyo hiyo ya mirathi ya Waislamu. Watu wetu wanaona haya kugawa, wanasema tutaonekana tunagombea mali ya maiti. Lakini mali isiyogawiwa ndiyo dalali anayoipenda, maana anamtafuta mmoja aliyechoka, anamshika mkono, wengine wanakuja kusikia habari barazani. Mkigawa, kila mtu anajua mpaka wake, na hata kaka akiuza lake, lako limesimama.

Na kuna jambo ambalo nataka umwambie kaka yako kwa upole, siku mmekaa vizuri. Katika fikihi yetu ya Kishafii kuna shufaa. Mshirika katika ardhi isiyogawiwa akitaka kumuuzia mtu wa nje, mshirika mwenzake ana haki ya kutangulizwa, achukue yeye kwa bei ile ile. Muulizeni kadhi, atawaeleza masharti yake. Najua utasema, nitapata wapi bei ya hoteli mimi? Huenda hutaipata. Lakini kaka yako anahitaji kukumbushwa kwamba kabla ya mtu wa dalali kuna dada zake, na kwamba hilo si kung'ang'ania minazi, ni utaratibu tuliofundishwa. Pia muulize, bila kumtega, ana shida gani ya fedha. Mtu anayeleta dalali mara mbili huenda ana deni. Ikiwa shida ni ya shilingi milioni mbili, hamuuzi shamba zima kwa milioni mbili.

Wala si lazima iwe kuuza au kutouza. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi, na Sheria ya Ardhi ya 1992 imeweka nani ana haki gani ya kuitumia. Mgeni wa nchi nyingine hamiliki ardhi yetu, anakodishwa kwa mkataba wa miaka. Sasa kama yeye mwenye mamilioni anaingia kwa kukodi, kwa nini nyinyi mtoke moja kwa moja? Mnaweza kukodisha sehemu kwa muda mnaoujua, mkabaki na jina lenu. Mnaweza kujenga vyumba viwili vya kupangisha kama ulivyofanya nyuma ya nyumba yako, umeshaonyesha kwamba unaijua biashara hiyo. Na mkiamua kuuza hata kipande, njia ya pwani iandikwe ndani ya mkataba na ichorwe kwenye ramani, pamoja na minazi ipi ni ya nani, maana Unguja tangu zamani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na wanunuzi wa leo hawalijui hilo mpaka waambiwe. Usiende kwa dalali peke yako kusoma karatasi. Mjini kuna Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, na kuna ZAFELA, jumuiya ya wanawake wanasheria. Wanasaidia watu wa aina yako na kesi za aina hii hasa. Nauli ya daladala kwenda na kurudi ni rahisi kuliko saini moja.

Fuoni je? Mwanangu, nakuuliza tu: Fuoni utakuwa mwenyeji wa nani? Huko nako kila nyumba ina mtu aliyehamia jana. Utakuwa na kelele za magari badala ya muziki, na bahari utaiona ukiwa na sababu ya kwenda kwenu. Kama moyo wako ungeniandikia kwamba unataka mjini, kwa watoto, kwa hospitali, ningekwambia nenda na baraka. Lakini barua nzima hukuitaja Fuoni mpaka ilipotoka kinywani mwa mume wako. Mwambie mume wako hivyo hivyo. Yeye bahari bado inamlipa, ni lazima ajue kwamba kwako inakulipa kidogo na bado huitaki kuiacha. Na methali yake aitumie kwa mengine. Mtu akilia njia yake imefungwa hajibiwi kwa methali.

Kuhusu muziki na mavazi, nitakuwa mfupi, kwa sababu hapo kijiji kina nguvu kuliko kinavyodhani. Vijiji vingine vya pwani vimeweka vibao vya kuomba wageni wajistiri wanapopita mitaani, na wageni wengi wakiona wanatii; hawakujua tu. Muziki una saa zake na kibali chake. Hilo ni la sheha na kamati, lipelekeni pamoja na la njia, ila katika barua nyingine. Mkichanganya mtajibiwa la muziki na la njia litasahauliwa.

Baraza la ukili linaniuma zaidi. Lile halikuvunjwa na mgeni yeyote, limevunjwa na ratiba. Wenzako wanafanya kazi, wamechoka, wamehama. Hamuwezi kulirudisha kila jioni. Chagueni siku moja kwa wiki, Ijumaa baada ya Alasiri labda, na huyo aliyehamia mjini aje siku hiyo. Na yule mpangaji wako, mkaribishe. Sisemi kwa ajili ya kumfurahisha. Anafanya kazi ndani ya hizo hoteli, anajua nani ni meneja, nani anasikiliza, zipi zinalipa vizuri na zipi zinadhulumu wasichana wenu. Yeye naye ana la kwake. Mwanamke aliyetoka Mwanza na mtoto mmoja mpaka mwisho wa kisiwa hakutoka kwa raha, na nina hakika kuna usiku anajiuliza hayo hayo unayojiuliza wewe. Hao kina mama wanaosema watu wa bara wametumaliza, wakikaa naye mkeka mmoja watasema kwa tahadhari zaidi, nawe hutakuwa tena na kazi ya kunyamaza.

Mtoto wake sema naye kwa maneno ya kwenu. Usimbadilishie. Watoto wa darasa la pili wanashika haraka, na wajukuu zako wakija wakamkuta anasema, nao wataona aibu ya kutojua.

Unaniuliza ubaki mahali unapojiona umehamia. Mimi nakwambia baki, angalau mpaka mirathi igawiwe na barua ya njia ijibiwe. Baada ya hapo, ukiwa na hati yako mkononi, ukitaka kuondoka utaondoka kwa hiari yako, na mtu yeyote asiseme umefukuzwa.

Anza na dada yako. Kesho, kama simu yake inapatikana. Kisha niandikie kaka amejibu nini kuhusu shufaa, kwa sababu nina wanawake wengine wawili wa huko huko Kusini walioniuliza jambo hili hili, na ningependa kuwapa jibu lenye uzoefu ndani yake.

Wako,
Shangazi